UZI: "Lino" ya sakafuni na "vino" ya kwenye glasi. Maneno mawili ya Kiingereza cha mtaani yanayowachanganya wengi

FundiSakafu:

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kutandika sakafu hapa Uingereza, nyumba za watu na ofisi ndogondogo. Kwenye kazi hiyo nakutana sana na Waswahili wenzangu: mafundi, wapangaji, na wengine wanaotafsiri mikataba ya nyumba au kuandika manukuu ya filamu. Kuna maneno mawili yananijia kila mara kama swali, nimeona niyafungulie uzi wake. Ni *lino* na *vino*.

Lino ni sakafu. Vino ni mvinyo. Yote mawili ni ya mazungumzo, hayana suti wala tai. Lino ni kifupi cha *linoleum*, na Mwingereza wa leo hulitumia kwa karibu kila sakafu laini inayokuja imeviringishwa kama mkeka: ile ya jikoni, ya bafuni, ya ukumbi wa kanisa. Utalikuta hata kwenye orodha ya vitu vya nyumba ya kupanga. Vino lenyewe ni la mdomoni na la ujumbe wa simu. Mtu akikuambia anapita dukani kuchukua vino, anamaanisha mvinyo wa kawaida wa kunywa jioni na marafiki, wala si chupa ya kuwekea harusi. Kwenye orodha ya vinywaji ya hoteli yenye heshima zake hutaliona, labda hoteli iwe ya Kiitaliano, na hapo ni Kiitaliano safi, si lugha ya mtaani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kamusi nyingi za mfukoni hazisemi. Maneno haya yanafanana kwa macho tu. Kwa sikio hayafanani kabisa. Lino hutamkwa *lai-nou*. Vino hutamkwa *vii-nou*. Ukimwambia muuza sakafu unataka "lii-no" atakutazama tu, na ukiagiza "vai-no" mezani hali ni hiyo hiyo.

Neno linalofanana na lino kwa sauti ni lingine, na ni la hatari: *wino*, yaani *wai-nou*. Msomaji wa Kiswahili akiliona kwenye maandishi atafikiria wino wa kalamu. Kwa Kiingereza, hasa cha Marekani, ni jina la dharau la mlevi aliyeharibiwa na mvinyo wa bei chee, aghalabu asiye na makazi. Ni tusi. Nimeona manukuu ya filamu ambamo mhusika anamtukana mzee wa barabarani kwa neno hilo, na maandishi ya Kiswahili chini yanasema "mnywaji mvinyo". Hapo mtazamaji amepoteza tukio zima, maana hajui kwa nini yule mzee amenyanyuka kwa hasira.

Nina mengi ya kusema juu ya lino yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoniwekea ugali mezani. Ila kwanza nisikie wenzangu.

---

BintiPangani:

Asante kaka Fundi. Mimi ni mfasiri na limenikuta hilo la wino, bahati nzuri mhariri alilishika kabla halijatoka.

Swali: kama *linoleum* yenyewe inaanza na "li", kifupi chake kimepataje "lai"?

---

FundiSakafu:

Dada, ni mkazo. Kwenye neno refu mkazo uko silabi ya pili, li-NOU-li-em, kwa hiyo ile "li" ya mwanzo inapita haraka haraka. Ukilikata neno, mkazo unarudi mwanzo, na Mwingereza akikuta "i" yenye mkazo iliyofuatiwa na konsonanti moja na irabu, mara nyingi huisoma "ai". Vino haikupitia njia hiyo. Ilichukuliwa nzima kutoka kinywani mwa Waitaliano na Wahispania, ikaja na sauti yake.

Jambo moja zaidi kwako wewe mfasiri: Wamarekani hawana sana mazoea ya kusema lino. Wao husema *linoleum* kwa ukamilifu, na wao pia huitupia kila sakafu ya kuviringisha. Ukikuta lino kwenye maandishi, kwa kawaida mwandishi ni wa Uingereza, Ireland, Australia au huko huko karibu.

---

KayoleHadiLeeds:

Sasa hii lino si ndiyo ile tunaita *mkeka wa mbao* kule Nairobi? Ile ya plastiki, PVC, inauzwa kwa mita, imechorwa kama mbao, unatandika mwenyewe jumamosi na nyumba inabadilika kabisa. Mama yangu ameweka sebuleni. Hapa Leeds landlord akaniambia jikoni kuna lino, nikaangalia chini, nikaona mkeka wa mbao.

---

FundiSakafu:

Ndugu yangu, umegusa kiini cha huu uzi. Ulichokiona karibu kwa hakika ni mkeka wa mbao kweli, na kwa Mwingereza ni lino, na kwa fundi si lino. Nieleze.

Linoleamu ya kweli haina plastiki ndani yake. Aliyeitengeneza ni Mwingereza Frederick Walton. Inaelezwa kwamba mwaka 1855 aliona ile ngozi inayojiunda juu ya rangi ya mafuta kopo likiachwa wazi. Rangi za wakati ule zilichanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo yakikutana na hewa hayakauki kama maji. Yanashikana na oksijeni, yananata, mwisho yanakuwa kitu kama mpira. Walton akajiuliza kama ngozi ile inaweza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1860 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kutoigwa kwa muda fulani, ya njia ya kuyageuza mafuta hayo, mwaka 1863 hataza ya sakafu yenyewe, na mwaka 1864 kiwanda kikaanza kazi Staines, magharibi ya London.

Jinsi ilivyotengenezwa inastahili kuelezwa. Vitambaa vyepesi virefu vilining'inizwa kwenye majengo marefu yenye joto, mafuta yakamiminwa juu yake, yakaachwa yagande, yakamiminwa tena, tabaka juu ya tabaka, kwa wiki nyingi, mpaka kitambaa kinakuwa unene wa ubao. Kisha vilishushwa, vikasagwa, vikayeyushwa pamoja na utomvu wa msonobari, vikachanganywa na unga wa gome la mwaloni wa vizibo, unga wa mbao na rangi. Donge hilo likasukumwa kwa mitambo ya rola juu ya kitambaa cha gunia la juti, halafu roli zima likarudi kwenye chumba cha joto kukomaa. Mpaka leo linoleamu inaning'inizwa ikomae namna hiyo. Ndiyo maana ukikata roli jipya unasikia harufu ya mafuta ya kitani. Mimi naipenda harufu ile kuliko manukato.

Ona basi vilivyomo: mafuta ya mbegu, utomvu, gome, unga wa mbao, chokaa, gunia. Na gome lenyewe ni lile lile linalokatwa vizibo vya chupa za mvinyo. Kwa hiyo lino na vino zilikuwa zinakutana kwenye mti mmoja kabla hata ya kukutana kwenye kamusi.

Jina *linoleum* Walton alilitunga mwenyewe kwa Kilatini: *linum* ni kitani, *oleum* ni mafuta. Lakini hakubaki nalo. Kule Scotland, mji wa Kirkcaldy, kampuni ya Michael Nairn ilikuwa imetengeneza vitambaa vya sakafu vilivyopakwa rangi tangu 1847. Hataza ya Walton ilipokwisha, nao wakaanza kutengeneza linoleamu mwaka 1877, na wakaiita kwa jina hilo hilo. Kampuni ya Walton ikaenda mahakamani. Hukumu ikatoka mwaka 1878: jina hilo ni jina la kitu, si la kampuni, kwa sababu kitu hicho hakikuwa na jina jingine ambalo watu wangeweza kukiita. Yeyote anayekitengeneza ana haki ya kulitumia. Kirkcaldy ikawa mji wa linoleamu duniani, wageni wakiutambua kwa harufu ya mafuta hata kabla treni haijasimama, na kiwanda cha Forbo bado kinaitengeneza pale pale.

Jina likishakuwa mali ya wote halizuiliki. Sisi tunasema jiki kwa dawa yoyote ya kung'arisha nguo. Wao wakaanza kusema lino kwa chochote laini kilicholala sakafuni. Na hapo ndipo mkeka wa mbao wa KayoleHadiLeeds ulipoingilia.

---

Wa_Malindi:

Nawasalimu wote. Huku kwetu Malindi na Watamu Waitaliano ni wengi tangu zamani, na maneno haya mawili tunayaona kila siku ila si kwa maana mliyoisema. *Vino* iko kwenye kila menyu, sawa. Lakini *lino* iko kwenye lebo za nguo! Shati la lino, suruali ya lino. Nimefanya kazi dukani, hakuna Mwitaliano aliyewahi kuniambia lino ni sakafu.

---

FundiSakafu:

Sahihi kabisa ndugu. Kwa Kiitaliano na Kihispania *lino* ni kitani, nguo au mmea wenyewe. Sakafu ni Kiingereza peke yake kilichoifupisha hivyo. Mfasiri akitoka Kiitaliano kwenda Kiswahili na akakuta *pantaloni di lino*, asimvalishe mtu suruali ya sakafu.

---

MwalimuMstaafu:

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha lugha miaka mingi na mada hii imenifurahisha, niruhusuni niongeze jambo.

Huu mfanano wa lino na vino si bahati ya Kiingereza. Umetoka mbali. Kilatini kina *linum* (kitani) na *vinum* (mvinyo), tofauti ni herufi ya kwanza tu. Na mabinti wa Kilatini wamelinda jozi hiyo karibu wote. Kiitaliano na Kihispania: *lino* na *vino*. Kireno: *linho* na *vinho*. Kifaransa: *lin* na *vin*. Hata Kijerumani, ambacho si binti wa Kilatini lakini kimeishi naye jirani, kina *Lein* na *Wein*. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili maneno haya yametembea sambamba, moja shambani kwa mfumaji, jingine shambani kwa mkamuaji, na hakuna lililomeza jirani yake.

Sasa njooni pwani yetu. Wareno walifika 1498 na wakatuachia maneno: meza, bendera, gereza. Na *mvinyo*, kutoka *vinho*. Hilo wengi wanalijua. Mnaweza kudhani pacha wake hakushuka melini, maana kitani tumekipata kwa Waarabu, kutoka *kattan*. Lakini alishuka, kwa sura nyingine. Kilatini kiliita kitambaa cha kitani *linteum*, neno lililozaliwa na *linum*. Kireno kikalifanya *lenço*, kitambaa cha kichwani au cha mkononi. Sisi tukalifanya *leso*.

Kwa hiyo leso anayojifunga mama Mombasa, na lino iliyolala jikoni Leeds, shina ni moja, ule mmea wa kitani. Na jozi nzima ya Kilatini tunayo ndani ya Kiswahili: leso na mvinyo. Hazifanani tena kwa herufi, ndiyo maana hakuna anayezichanganya.

---

BintiPangani:

Shikamoo mwalimu. Leso! Nimeivaa maisha yangu yote na sikuwahi kuiwazia hivyo. Nimemsomea bibi ujumbe huu, akasema wao wakiwa wadogo leso ilikuwa ni ile ndogo ya kichwani, na ya kujifunga ni kanga.

---

MwalimuMstaafu:

Marahaba binti yangu. Bibi yako anasema kweli, na matumizi hutofautiana mji kwa mji. Mombasa na Lamu husema leso kwa kanga nzima. Bara na sehemu nyingi za Tanzania leso ni kitambaa kidogo cha mkononi. Simulizi ya pwani ni kwamba wanawake walishona leso ndogo sita pamoja wakapata vazi moja. Mpe bibi salamu zangu.

---

FundiSakafu:

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Umenipa daraja la kuvukia, kwa sababu nilichokuwa nataka kusema juu ya mkeka wa mbao kinahusu upande wa *vinum*.

Sakafu ile ya plastiki jina lake la kibiashara ni *vinyl*, kwetu tuseme vinili. Jina hilo ni la kikemia, na lilitungwa mwaka 1851 na Mjerumani Hermann Kolbe. Alilitoa wapi? Kwenye *vinum*. Alikuwa anashughulika na viini vinavyohusiana na kileo kilichomo kwenye mvinyo, ambacho ndani yake mna kundi la atomi ambalo wakemia wanaliita etili. Kundi lililokuwa na hidrojeni mbili pungufu ya etili akalibatiza vinili. Nusu ya pili ya jina, *-yl*, ni Kigiriki *hyle*, maana yake mbao au mali ghafi ya kujengea.

Yaani, KayoleHadiLeeds, jina la sakafu ya mama yako kwa asili yake ni "mvinyo" na "mbao". Nairobi mkaiita mkeka wa mbao bila kumuuliza Mgiriki.

Plastiki yenyewe ilichelewa. PVC ilionekana maabara mwaka 1872, kwa Eugen Baumann, lakini ilikuwa ngumu na ya kuvunjika, haina kazi. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon akapata namna ya kuilainisha, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia sakafuni kwa nguvu. Ilikuwa rahisi, ina rangi za kila aina, na haikudai kupakwa nta na kusuguliwa kama linoleamu. Miaka ya 1960 ilipokwisha, linoleamu ya kweli ilikuwa imesukumwa pembeni kwenye nyumba nyingi. Kitu kilibadilika, jina likabaki. Waingereza waling'oa lino wakatandika vinili, na wakaendelea kuiita lino.

Matokeo yake leo mtu anasimama jikoni, anasema "lino" yenye shina la kitani, na chini ya miguu yake kuna kitu ambacho jina lake halisi lina shina la mvinyo. Maneno mawili tuliyoanza nayo tukisema yasichanganywe yamechanganyika sakafuni, na si kwa kosa la mgeni asiyejua lugha. Wenye lugha wenyewe ndio waliofanya.

Naomba msione hii ni porojo ya maneno tu, kwa sababu inagusa mfuko. Linoleamu imejengwa kwa mafuta. Mafuta yakikutana na dawa kali za kuondoa uchafu, zile za alkali na amonia, yanaanza kugeuka sabuni, maana sabuni ndivyo inavyotengenezwa. Nimeitwa nyumba ambako mpangaji, dada msafi sana, aliambiwa na wakala kwamba jikoni ni "lino ya kawaida", akaipiga jiki na dawa ya kuondoa mafuta kila wiki. Ilikuwa linoleamu ya kweli. Ikapoteza mng'aro, ikawa na vitundu vidogovidogo, ikaanza kunyonya uchafu ambao hautoki tena. Wakala akamkata amana yake. Kama angeambiwa ukweli wa kitu kilichopo, angetumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi.

Vinili nayo ina adui zake. Jiki iliyozimuliwa inaivumilia, lakini usiiwekee kapeti dogo lenye mgongo wa mpira: kuna kemikali inatoka kwenye mpira na kuacha doa la njano lisilofutika. Na sufuria ya moto inaiyeyusha. Linoleamu ikiguswa na moto inaungua pale pale juu, na kwa kuwa rangi yake imepita unene wote, mara nyingi fundi anaweza kulikwangua doa likaisha.

Kuna jambo moja la linoleamu linalowatisha watu bure. Ukiinua kapeti lililokaa juu yake muda mrefu utakuta chini pamekuwa pa njano. Hiyo si uchafu. Mafuta ya kitani yakinyimwa mwanga hufanya hivyo. Iache ipate mwanga wa mchana, njano inaondoka yenyewe.

---

MpangajiMpya:

Kaka, nitajuaje ni ipi? Nyumba yangu ni ya zamani sana, jikoni kuna vigae vyeusi vyeusi vya mraba, vimepasuka, mwenye nyumba anaita lino pia. Nilikuwa nataka kuving'oa wikiendi hii niweke kitu kipya.

---

FundiSakafu:

Mdogo wangu, usiving'oe. Soma hapa taratibu.

Vigae vya mraba vya namna hiyo kwenye nyumba za zamani Uingereza vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu zikivutwa. Vivyo hivyo karatasi iliyo chini ya vinili za zamani za kuviringisha, na gundi nyeusi ya lami iliyovishikilia. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa hapa mwaka 1999, kwa hiyo nyumba yoyote iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000 ichukulie kuwa inaweza kuwa nayo mpaka ipimwe. Kikiwa kizima na kimetulia, hatari ni ndogo. Ukikivunja, ukikisaga kwa mashine au ukikifagia kikavu, vumbi linaruka na unalivuta. Mwandikie mwenye nyumba, kwa maandishi, aombe sampuli ichukuliwe na mtu mwenye ujuzi na ipimwe maabara. Ni jukumu lake. Na ukiandika usitumie neno lino. Andika "vigae vya zamani vya sakafu ya jikoni, vimepasuka", ili asije akajibu kwamba lino haina shida.

Kwa nyumba ambazo hazina mashaka hayo, njia ya kutambua ni rahisi. Inua kipande cha chuma cha mlangoni, tazama ukingo wa sakafu. Mgongo ukiwa wa nyuzi za gunia za rangi ya udongo, na rangi ya juu imezama mpaka chini, hiyo ni linoleamu. Mgongo ukiwa mweupe, wa sponji au kama kitambaa laini, na picha ya mbao au ya mawe ikawa juu tu chini ya utando unaong'aa, hiyo ni vinili.

---

MpangajiMpya:

Nimekuelewa kaka, nimesitisha. Naandika barua pepe usiku huu.

---

KayoleHadiLeeds:

Na kuna *plonk* pia. Kazini wanasema hivyo kwa mvinyo wa bei rahisi. Na dukani kuna sakafu ya *plank*. Hayo nayo si yale yale?

---

FundiSakafu:

Yanafanana kwa macho, ndiyo, ila asili zake hazina undugu. *Plank* ni ubao tu, na siku hizi huitwa hivyo vinili iliyokatwa vipande virefu kama mbao, si neno la mtaani. *Plonk* ni la mtaani kweli. Limetoka Australia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limezaliwa na *vin blanc*, mvinyo mweupe wa Kifaransa, kwenye vinywa vya wanajeshi wa Australia waliokuwa Ufaransa Vita Kuu ya Kwanza. Plonk linashusha hadhi kuliko vino. Ukimpelekea mwenyeji wako chupa, mwenyewe unaweza kuiita vino bila kumkera mtu. Ukiita plonk chupa aliyoleta mwenzako, umemwambia kaleta takataka.

---

BintiPangani:

Basi nimalizie na kazi yangu, maana hapa ndipo ninapokwama. Hizi tafsiri nizifanyeje? Lino niandike "linoleamu" kila mara?

---

MwalimuMstaafu:

Binti yangu, kwa vino mimi ningeandika *mvinyo* au *divai* kwenye simulizi, na kwenye mazungumzo ya vijana *waini*. Waini ndilo neno lenye uzito ule ule mwepesi. Linasikika baa za Dodoma, mji ambao zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka na una mvinyo wake wenyewe, na hakuna anayehisi ni neno la kitabuni. Plonk ni *waini ya bei chee*, na usiogope maneno matatu kwa moja.

Wino ningemwita *mlevi* na kuacha hasira ya sentensi ibebe tusi. "Mlevi wewe!" inatosha.

---

FundiSakafu:

Kwa lino, dada, tazama nani anasema na kuhusu nini. Hadithi ikiwa ya nyumba ya Waingereza ya mwaka 1920, mtoto anatembea peku kwenye lino baridi asubuhi, andika *linoleamu*, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Hadithi ikiwa ya leo, fleti ya kupanga, andika *kapeti la plastiki* kwa wasomaji wa Tanzania au *mkeka wa mbao* kwa wa Kenya ikiwa imechorwa mbao. Wote watakiona kitu chenyewe.

Ukikuta lino kwa msanii, mtu anachonga lino na kuipaka wino wa kuchapia, hapo usibadilishe hata kidogo. Ni kipande cha linoleamu ya kweli, kinachongwa kwa patasi kupata picha ya kuchapa. Picasso alichapa hivyo, na hapa Afrika John Muafangejo wa Namibia na Azaria Mbatha wa Afrika Kusini, waliopita chuo cha sanaa cha Rorke's Drift, walijulikana duniani kwa kazi hiyo. Vinili ya jikoni haifai kwa kazi yao. Andika *chapa ya linoleamu*.

Na ikiwa ni mkataba wa nyumba, usikisie. Mwulize mteja sakafu yenyewe ni ya nini, kisha andika jina la kitu. Kama hajui, andika *sakafu laini ya kuviringisha* na uache alama pembeni kwamba aina yake haijathibitishwa. Huyo dada wa amana alihitaji mtu mmoja tu kwenye mnyororo ule aandike hivyo.